Nani Ameshika Sauti

Kaka yangu mkubwa ni dereva wa nganya ya abiria 33 katika njia ya Rongai. Mwaka huu ameunguza wufa 2, na mwenye gari amemwambia kwamba ya 3 itatoka mfukoni mwake. Ndiyo maana alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi.

"Mwalimu, kuja na ile mita yako ya umeme."

Nilimwambia nitafika saa nne. Akauliza, "Saa ngapi?" Nikarudia. Akauliza tena. Nilikuwa chumbani peke yangu, pamenyamaza, naye alikuwa nyumbani kwake. Nilirudia mara ya tatu kwa sauti ya juu, na nilipokata simu nilikuwa nimesahau habari ya wufa. Kaka yangu ana miaka 34. Amekuwa barabarani miaka 15, kwanza akining'inia mlangoni kama makanga, kisha akashika usukani.

Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya fizikia. Sasa nasomea uzamili wa historia, na utafiti wangu unahusu sauti ndani ya matatu: ilitoka wapi, na nani amekuwa akiiamrisha. Siku ile, pale gereji karibu na Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, masomo hayo mawili yalikutana juu ya skrubu moja ndogo.

Matatu hazikuanza na muziki. Nairobi ilikuwa na mabasi ya Kenya Bus Service tangu 1934, lakini hayakuwafikia wote, hasa wakazi wa mitaa ya pembezoni. Magari ya watu binafsi yaliziba pengo hilo bila leseni. Jina lenyewe, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, lilitokana na nauli ya senti 30, yaani sarafu 3 za senti 10. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kubeba abiria bila kudaiwa leseni waliyodaiwa wenye mabasi. Wakati huo kelele kubwa ndani ya gari ilikuwa ya injini, ya mabati yanayogongana, na ya makanga anayeita abiria.

Kilichobadilisha mambo ni kanda. Philips walikuwa wameitoa kaseti yao mwaka 1963, na kifaa cha kuicheza kilipoingia ndani ya gari, dereva alipata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: uwezo wa kuchagua. Nyakati hizo redio ilikuwa ya serikali, Voice of Kenya, iliyorejea kuitwa KBC mwaka 1989, na hapakuwa na kituo binafsi cha FM jijini mpaka Capital FM ilipoanza mwaka 1996. Ukiwa na kanda, hukulazimika kungoja mtangazaji.

Mwezi Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, vilibomolewa kwa nguvu. Muda si mrefu nyimbo za kuomboleza na kulalamika zikawa zinauzwa kwenye kanda na kupigwa ndani ya matatu. Serikali iliwakamata wauzaji wa kanda hizo. Hebu fikiria: wimbo ambao usingepita redioni ulikuwa ukisikilizwa na watu waliobanana kwenye viti, wasiojuana, wakielekea kazini. Aliyeshika kitufe cha sauti wakati huo alikuwa ameshika jambo zito.

Kisha zikaja manyanga za miaka ya 1990, zenye michoro, taa na muziki wa reggae, ragga na hip hop, muziki unaosimama juu ya besi. Hapa fizikia inaingia. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Bell Laboratories huko Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu ni zito kwa sauti nene. Ili besi isikike sawa na sauti ya mwimbaji, lazima isukumwe kwa nguvu nyingi zaidi. Ndani ya gari tatizo huongezeka, kwa sababu ngurumo ya injini ya dizeli na ya magurudumu iko kwenye sehemu ileile ya chini, na huifunika besi.

Redio ya kawaida ya gari haina nguvu hizo. Inategemea umeme wa volti 12 hadi 14, na kwa spika ya omu 4 haiwezi kutoa zaidi ya wati 20 hivi za muziki safi kwa kila spika. Ndiyo maana amplifaya ya wufa huanza kazi yake kwa kuupandisha umeme wa betri ndani yake, kisha ndipo isukume spika. Amplifaya ya wati 500 inaweza kunywa ampea 45 ikifanya kazi kwa bidii. Hapo ndipo unahitaji waya mnene, fyuzi karibu kabisa na betri, na waya wa ardhi uliofungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Tulipofungua boneti ya nganya ya kaka, kosa la kwanza lilikuwa hapo. Basi hilo hutumia volti 24, betri 2 zilizofuatana. Aliyefunga muziki alikuwa amechota volti 12 kutoka betri moja tu. Matokeo yake betri hiyo huishi na njaa huku mwenzake akishibishwa kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema. Fundi tuliyekuwa naye aliguna, akaenda kutafuta kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12.

Kosa la pili lilikuwa ile skrubu. Imeandikwa geini, na karibu kila mtu huidhania kuwa kitufe cha sauti. Sivyo. Kazi yake ni kuipatanisha amplifaya na redio. Redio moja hutoa umeme wa muziki wa volti 2, nyingine 4, nyingine hata volti moja haifiki, skrubu huiambia amplifaya, "Mwenzako akifika kilele chake, nawe uwe umefika chako." Ya kaka ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho.

Tuliondoa waya za spika. Nikaweka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, nikazima nyongeza zote za besi, nikapiga mlio mmoja wa hezi 40. Spika zilikuwa 2 za inchi 12, kila moja omu 4, zimeunganishwa sambamba, kwa hiyo amplifaya iliona omu 2. Hesabu ni fupi: wati 500 mara omu 2 ni 1,000, na kipeuo chake cha pili ni volti 31.6. Hapo ndipo mita ilipaswa kusimama. Ilisoma zaidi ya 40.

Volti hizo za ziada hazikuwa muziki. Amplifaya ikiishiwa na nguvu haiwezi kulipandisha wimbi zaidi. Hulikata kichwa, likawa bapa. Wimbi lililokatwa kabisa namna hiyo hubeba nguvu karibu mara 2 ya lile safi, na koili ya spika huzipokea zote kama joto. Lakini nguvu mara 2 sikioni ni nyongeza ya desibeli 3 tu, tofauti ambayo abiria wa kiti cha nyuma huenda asiigundue. Wufa 2 ziliungua kwa ajili ya hizo desibeli 3.

Nilimweleza kaka. Alisikiliza akinitazama mdomoni, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. "Lakini tukipunguza, mwalimu, watoto wa chuo watapanda gari lingine."

Hakuwa anatania. Mwezi Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kufanya kazi: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda, mstari wa njano, na idadi ya abiria isiyozidi viti. Zilikuwa kanuni nzuri, na kwa maoni yangu zilibadilisha pia mashindano. Ikiwa huwezi kukimbia zaidi ya mwenzako wala kujaza zaidi yake, unabaki kumshinda kwa mvuto. Kiti na mstari askari huviona kwa macho, besi haionekani. Mwaka 2009 zikaja kanuni za kelele na mitetemo chini ya sheria ya mazingira, zenye viwango vya desibeli vya mchana na vya usiku. Nikizisoma maktabani, naona zinamfikiria jirani aliyelala. Mtu ninayemtafuta mimi ni yule anayekaa mita 2 kutoka kwenye spika kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku.

Kipimo kinachotumiwa na watafiti wa afya kazini Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hupungua nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekaa kando ya kaka, na simu yangu ikaonyesha 97. Simu si chombo cha maabara. Lakini hata ikikosea kidogo, 97 ni nusu saa, naye huendesha zaidi ya saa 15.

Nilizungusha skrubu taratibu kwa bisibisi hadi mita ikasoma 31. Kichujio tukakiweka hezi 80, ili wufa ibaki na besi na kuacha maneno kwa spika ndogo. Tukarudisha waya na kuwasha. Fundi alitikisa kichwa kwa furaha: besi ilikuwa imebana na kusikika wazi, haikoromi tena. Makanga alikubali kwamba sasa maneno ya wimbo yanasikika. Kaka alisimama mlangoni kwa muda.

"Umepunguza sana?" akauliza.

Nilimwambia nimepunguza zile 3 tu, na kwamba hizo zilikuwa za spika, si za masikio yake. Kwa masikio lazima ashushe kitufe chenyewe cha redio, kila siku, kwa mkono wake, na hakuna fundi anayeweza kumfanyia hilo. Sijui kama alisikia yote. Fundi alichukua rangi ya kucha, akatia tone juu ya skrubu ili mtu asiizungushe tena.

Nimemtafutia kaka miadi ya kupima masikio Alhamisi, siku yake ya kupumzika. Nilimtumia saa na mahali kwa ujumbe wa maandishi.