Moto wa Kwanza wa Jiko Jipya

Jiko langu la kwanza la udongo naliliua kwa pupa siku ileile niliyolinunua. Wageni walikuwa wamekwisha kualikwa, nyama imelala katika ndimu na tangawizi tangu adhuhuri, mishikaki imepangwa kwenye sinia, nami, kwa kutaka makaa yakolee kabla ya magharibi, nalilijaza jiko hata mdomoni, nikayanywesha makaa mafuta ya taa kwa mkono usiojua ubahili, nikatia kibiriti, nikashika kipepeo cha ukili nikapepea kama afukuzaye nyuki. Bibi yangu alikuwa barazani akichagua mchele, akanitazama asiseme neno. Robo saa haijatimia, ikasikika sauti moja, mfano wa ukuni mkavu uvunjwao gotini, na ufa ukashuka kutoka ukingoni mwa chungu cha ndani mpaka kwenye matundu ya majivu. Hapo ndipo aliponena, kwa utani wa bibi na mjukuu wa kiume: "Mume wangu, kitu hiki ulikipasha lini hata ukakitwika karamu nzima?"

Nalicheka kwa haya, lakini swali lile halikunitoka, na kila nilipolifuata nyuma naliona kwamba linauliza mengi kuliko habari za jiko moja lililopasuka; lauliza habari za maarifa ya kale, ambayo wafinyanzi waliyahifadhi bila ya kuyaandika, ambayo mijini mwetu yaliwekwa kando kwa muda wa miaka themanini hivi kwa ajili ya bati, hata yakaturudia kwa njia iliyopitia Asia.

Waandishi wa tarihi ya pwani wameshughulika sana na majumbe, majahazi na misikiti, na meko wameyapita kama mgeni apitavyo mlango wa uani, akivuta harufu asiulize yatoka wapi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kushukia Mombasa na Kilwa, alieleza kwa shauku wali wa samli aliokaribishwa, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na za pilipili. Moto uliopika hayo yote hakuushughulikia. Moto wenyewe, kwa watu wengi, ulikuwa wa kuni juu ya mafiga matatu, moto mkarimu usio na hesabu, wenye kukipa chungu sehemu ndogo ya joto lake na sehemu iliyobaki kuupa upepo. Makaa yalikuwa na daraja yao mbali: yalikuwa ya mhunzi mbele ya mivukuto yake, ya dobi katika pasi yake, ya seredani, yaani lile jiko dogo lichukulikalo huku na huko, na ya mwenye nyumba katika chetezo.

Chetezo nataka nisimame nacho kidogo, maana ni kitu kidogo ambacho hakuna aliyekihesabu katika maendeleo ya sayansi. Kaa la moto hukaa katika bakuli la udongo, udi ukafuka juu yake, na mwanamke akakishika mguuni kwa mkono mtupu, akaenda nacho chumba kwa chumba, akakitia chini ya kanga zilizotundikwa, wala mkono usiungue, kwa kuwa udongo huuzuia moto usimfikie aushikaye. Kadhalika mikate ya mofa iliiva katika tanuri la udongo lililokwisha kupashwa na moto wake kupungua. Mwokaji hakutegemea ulimi wa moto bali joto lililowekwa amana ukutani. Katika vitu viwili hivi mna elimu yote ya jiko la udongo: udongo hauna haraka ya kupokea joto, wala hauna haraka ya kulitoa.

Aliyeijua tabia hii kwa undani ni mfinyanzi, ambaye katika nchi zetu aghalabu ni mwanamke. Wakisi wa Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone ukingoni mwa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hata sokoni Matema, wana sifa katika kazi hii iliyovuka mipaka ya nchi yao, ila sheria za kazi ni zilezile kwa wafinyanzi wa kila mahali. Udongo mtupu ulio laini kupita kiasi hujikunja ukikauka, basi huchanganywa na mchanga au na vigae vilivyotwangwa. Chombo huanikwa kivulini, si juani. Na hata siku ya kuchoma, hutangulizwa moto wa pembeni ili unyevu utoke kwa hiari kabla haujafukuzwa. Maji yaliyojificha ndani ya ukuta wa udongo, yakifikiwa na nyuzi 100 za joto, hugeuka mvuke na kutaka nafasi kubwa mno kuliko ile yaliyokuwa nayo, na yasipoipata huuvunja ukuta. Tena chembe za mchanga zilizomo udongoni, zifikapo karibu na nyuzi 573, hubadilika na kuvimba kwa ghafula. Mfinyanzi hakuzijua nyuzi hizo kwa tarakimu. Alizijua kwa rangi ya moto na kwa idadi ya vyungu vilivyomfia.

Aliyenunua chungu kwake alipewa wasia pamoja na chungu: kisibandikwe kikavu, kitiwe maji na pumba, kichemke kwa moto mdogo, wanga uingie katika vinyweleo na kuviziba, kisha kiachwe kipoe chenyewe. Ndiyo maana ya kupasha, na ndilo jambo nililoulizwa barazani.

Kisha likaja bati. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ukingo wa Ziwa Viktoria mwaka 1901, na katika Wahindi zaidi ya 30,000 walioletwa kuijenga, yasemwa kwamba wapo waliokuja na desturi ya kupikia jiko dogo la chuma la makaa, ambalo kwao ni sigri, na ambalo Uganda mpaka leo huitwa sigiri. Mafundi wetu hawakukawia. Mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi yakakatwa, yakakunjwa, yakatobolewa, na kwa mpangaji wa chumba kimoja cha mjini, asiye na ua wa kuwekea kuni wala dohani ya kutolea moshi, jiko la bati likawa rehema isiyo na shaka. Lakini bati si mwaminifu wa amana. Joto linalopewa hulitoa ubavuni papo hapo, hata mpishi akaungua miguu na chai isichemke, na waliolipima baadaye walikuta kwamba katika joto la makaa yake sufuria hupata moja ya tano hivi, na pengine haifiki. Nastaajabu nikumbukapo kwamba katika chumba kilekile ambamo jiko la bati liliwaunguza watoto, chetezo cha udongo kilikaa rafuni na jawabu lake, na hakuna aliyekiuliza.

Jawabu likaja kutoka mbali. Mwezi wa Agosti mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliitisha mjini Nairobi mkutano juu ya nishati mpya na zile zisizokwisha, kwa kuwa mafuta yalikuwa yamepanda bei na misitu imeanza kuingia tumboni mwa miji. Na katika zama hizo watu wenye kushughulika na majiko wakalitazama kwa makini jiko la ndoo la Thailand, ambalo ni chungu cha udongo ndani ya ndoo ya bati, na baina ya viwili hivyo majivu ya makapi ya mpunga. Wasanifu wa Kenya, akiwamo Maxwell Kinyanjui, na kwa uenezi wa KENGO, umoja wa mashirika yasiyo ya serikali katika mambo ya nishati, hawakulichukua kama lilivyo. Walilitia mikononi mwa mafundi wa jua kali, nalo likatoka na kiuno: bati pana juu na pana chini, jembamba katikati, chungu cha udongo kikiwa nusu ya juu tu, kikiwa na matundu sakafuni mwake, kikishikwa kwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi yaitwayo vemikulaiti, na chini pana kijilango kimoja chenye kazi mbili, kutoa majivu na kuingiza hewa.

Uzuri wa jiko hilo kwangu mimi si makaa linayookoa, ijapokuwa ni mengi, bali ule ushirika uliolizaa. Mfinyanzi na mfua bati, ambao kwa muda mrefu kila mmoja alikuwa na wateja wake na soko lake, sasa mmoja hawezi kuuza bila ya mwenziwe. Chungu hutoka tanuruni kikapelekwa kwenye nyundo, na ukipita Kamukunji au Gikomba, huko Nairobi, utasikia bati likilia kutwa na kuona vyungu vimepangwa kando, vyekundu, vikingoja nguo zao. Katika muda wa miaka kumi na mitano hivi likaingia katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini nchini Kenya, nalo likavuka mipaka hata Uganda, Rwanda, Sudan na Ethiopia. Dar es Salaam wakaliita jiko bora.

Siku hizi katika baraza za wenye nafasi pameingia ndugu yake mnene, jiko zito la kauri lenye umbo la yai, lenye kifuniko kizito kama cha kasha la vito, na bei yake sitaitaja kwa kuchunga adabu. Hili nalo ni la Asia. Kamado kwa Kijapani maana yake ni meko tu. Meko ya udongo yaliyofunikwa yalifika Japani kutoka rasi ya Korea yapata karne ya 5, na baada ya dahari nyingi pakawa na chombo cha mviringo chenye kifuniko, mushikamado, cha kupikia wali. Askari wa Marekani waliokaa Japani baada ya vita, baina ya 1945 na 1952, waliona kwamba penye wali paweza kukaa nyama, wakakichukua kwao. Mwaka 1974 Ed Fisher alifungua duka Atlanta na kuliita jiko lake Big Green Egg, na udongo wa awali ulipoonekana dhaifu, ukabadilishwa kwa kauri ngumu zaidi.

Sasa mtu aliyelipia yai hilo fedha nyingi hudhani kwamba amenunua ruhusa ya kutopasha. La hasha. Kwanza aligonge kwa kidole kabla halijashuka garini: udongo mzima hulia kama kengele, wenye ufa hulia kama debe la mchele. Alikalishe juu ya saruji au mawe, mbali na makuti na mapazia, wala asilitulize juu ya meza ya mbao kitako kwa kitako, kwa kuwa joto hushuka polepole na mbao huungua bila ya kutoa moshi wa mapema. Moto wa kwanza uwe wa makaa machache, bila ya mafuta ya taa, kwani udongo huyanywa mafuta ukayarudisha katika nyama kwa miezi. Uwake kwa upole saa moja, ufungiwe hewa, jiko lipoe lenyewe, na kesho yake uongezwe kidogo. Ukingoni mwa yai mna utepe uliogandishwa kwa gundi, nao, ukipigwa na joto kali kabla gundi haijashika, hubanduka. Maji yasimwagwe ndani hata kwa mzaha. Jiko la kifuniko huzimwa kwa kuzibwa juu na chini. Na aliyelizimisha hivyo, akataka kulifungua lingali na moto, ainue kifuniko kwa upana wa kidole na angoje, kwa maana moto ulionyimwa hewa, ukipewa yote mara moja, hutoka na uso wa mfunguaji.

Hayo ni madhara ya jiko na ngozi. La tatu ni la roho, nalo halibagui jiko la bati, la udongo wala la yai. Makaa yakiwaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zipatazo mara 200 kuliko hewa ya uhai, hata mtu akasinzia asijue kwamba anakufa. Katika miji ya baridi, Limuru, Arusha na Nairobi yenyewe, jiko huingizwa chumbani usiku baada ya chakula, mlango ukafungwa na dirisha likazibwa tambara, kwa sababu makaa yamekuwa mekundu bila ya moshi na watu hudhani kutokuwapo moshi ndiyo salama. Wazee wa mafiga hawakuhitaji onyo hili. Moshi wa kuni uliwatoa nje kwa nguvu.

Jiko langu lililopasuka nalilipeleka kwa mama mmoja mfinyanzi aliyekuwa akiuza vyungu vya kubadilisha. Alikivunja chungu kibovu kwa vipigo vitatu vya nyundo, akatia vipande kapuni pamoja na vigae vingine. Nikamwuliza vina kazi gani tena.

"Hivi vimekwisha kuungua, mwanangu, havishtuki," akasema, asiinue macho. "Nitavitwanga nivitie katika udongo mpya."

Chungu alichonitilia nalikipasha siku tatu, na siku ya nne bibi yangu ndiye aliyebandika chai.