Kanda za Mjomba

Mjomba aliniachia kanda tano ndogo za kamera. Ndani yake bibi anasimulia mashamba ya mkonge ya Korogwe, na tasnifu yangu ya uzamili inamtegemea yeye. Nilikuwa na fedha za kompyuta moja tu, nazo zilikuwa posho ya muhula mzima.

Mwaka 2003 Canon, JVC, Sharp na Sony walitangaza mfumo wa HDV. Walitaka picha za HD ziingie katika kanda ile ile ya DV, hadi megabiti 25 kwa sekunde. Ili zienee, kamera huhifadhi fremu moja kamili, kisha zinazofuata huandikwa kama mabadiliko tu. Kwa hiyo ukikata katikati, kompyuta lazima ikokotoe fremu za jirani ndipo ikuonyeshe hiyo moja. Mashine za wakati ule zilikwamakwama, na wapiga video za harusi (mjomba mmoja wao) wakalaumu programu.

Dawa ilikuwa kuigeuza video kwanza iwe faili ambalo kila fremu inajitegemea. Faili linanenepa, lakini kuhariri kunakuwa kwepesi.

Kompyuta mpya dukani ingeimeza HDV bila shida, ila haina tundu la FireWire, na kamera ya mjomba hutoa picha kwa waya huo. Nikachukua iliyotumika, yenye tundu, nikaongeza diski kubwa. Kanda ya saa moja huingia kwa saa moja. Bibi anakohoa, anauliza kama kamera imewaka.