Mseto wa Uwekezaji

Mseto wa uwekezaji ni utaratibu wa kugawa fedha katika rasilimali za aina mbalimbali, kama vile hisa, hatifungani, amana za benki na majengo, ili hasara ya moja isiangushe mtaji wote. Nguvu yake haitokani na wingi wa rasilimali pekee. Kinachopunguza hatari hasa ni tofauti ya mienendo yake: moja ikishuka, nyingine isishuke nayo, au isishuke kwa kiasi kilekile.

Namna unavyopunguza hatari

Hatari ya uwekezaji hupimwa kwa kuangalia jinsi faida inavyoyumba juu na chini ya wastani wake. Kipimo kinachotumika zaidi ni mchepuko wastani. Tuseme kuna hisa mbili, kila moja ikitarajiwa kuleta faida ya asilimia 10 kwa mwaka na kuyumba kwa asilimia 20. Mwekezaji akigawa fedha zake nusu kwa nusu, faida anayotarajia inabaki asilimia 10. Kuyumba ndiko kunakobadilika, kulingana na uhusiano wa hisa hizo:

- zikipanda na kushuka pamoja daima, kuyumba kunabaki asilimia 20;
- zikihusiana kwa kiwango cha 0.5 (1 ikiwa ni kwenda pamoja daima, na 0 kutohusiana kabisa), kunashuka hadi asilimia 17.3;
- zisipohusiana kabisa, kunashuka hadi asilimia 14.1;
- zikienda kinyume daima, jambo lililo nadra sana, kunaisha kabisa.

Hatari inayoondoka na inayobaki

Kuna hatari ya kampuni moja moja, kama kiwanda kuungua, viongozi kufuja mali au leseni kufutwa. Kuna pia hatari ya soko zima, kama mfumuko wa bei, kupanda kwa riba, vita au ugonjwa wa mlipuko. Mseto huondoa ya kwanza, lakini ya pili haiondoki kwa kuongeza hisa za soko lilelile. Hisa kama zile za mfano wa juu zikihusiana kwa kiwango cha 0.3, mkoba, yaani jumla ya rasilimali za mwekezaji, wenye hisa 10 huyumba kwa takriban asilimia 12.2, na wenye hisa 30 kwa asilimia 11.4. Hata zikifika elfu moja, kuyumba hakushuki chini ya asilimia 10.9. Ndiyo maana hisa chache za mwanzo huleta nafuu kubwa kuliko zinazofuata.

Historia

Mwaka 1868 ulianzishwa London mfuko wa Foreign & Colonial, uliowawezesha watu wa kipato cha kati kumiliki kwa pamoja hatifungani za serikali za nchi mbalimbali. Hata hivyo, ufafanuzi wa kihisabati ulitolewa mwaka 1952 na Mmarekani Harry Markowitz. Alionyesha kwamba rasilimali haifai kupimwa peke yake, bali kwa mchango wake katika hatari ya mkoba mzima. Mwaka 1990 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na Merton Miller na William Sharpe.

Afrika Mashariki

Nchini Tanzania, Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005 humwezesha mwananchi kununua vipande na kumiliki sehemu ya mkoba wenye hisa na hatifungani, bila kununua kila moja mwenyewe. Kwa anayejinunulia hisa, idadi inaweza kumdanganya. Mwenye hisa za CRDB na NMB ana kampuni mbili, lakini zote ni benki za nchi moja, na mikopo ikikwama nchini zote mbili huguswa. Vilevile, anayenunua hisa za KCB katika Soko la Hisa la Dar es Salaam bado amewekeza katika benki ambayo sehemu kubwa ya biashara yake iko Kenya.

Mipaka

Mseto hupunguza hasara kubwa, na kwa njia hiyohiyo hupunguza faida ya aliyebahatika kuchagua hisa moja iliyopaa. Rasilimali nyingi pia huongeza ada za udalali na kazi ya kuzifuatilia. Zaidi ya hayo, uhusiano wa bei hukaza wakati wa misukosuko. Mwaka 2008 masoko ya hisa ya New York, London, Tokyo na Nairobi yote yalishuka, wakati hatifungani za serikali ya Marekani zilipanda bei. Aliyetawanya hisa katika nchi nyingi alipata hasara. Aliyechanganya hisa na hatifungani hizo alipata nafuu.

Gharama ya kukosa mseto ilionekana katika kampuni ya nishati ya Enron, nchini Marekani. Zaidi ya nusu ya akiba ya wafanyakazi katika mpango wake wa kustaafu ilikuwa katika hisa za kampuni hiyohiyo. Hisa iliyouzwa takriban dola 90 mwezi Agosti 2000 ilikuwa chini ya dola moja kampuni ilipoomba kufilisika tarehe 2 Desemba 2001. Maelfu walipoteza ajira na akiba kwa pamoja. Kwa hiyo mwekezaji anapohesabu mseto wake, mshahara wake nao unapaswa kuhesabiwa: hisa za mwajiri hazimkingi mtu dhidi ya kuanguka kwa mwajiri.