Historia Fupi ya Misaada ya Masomo ya Shahada za Juu



Katika mikutano yetu swali moja halikosi kuulizwa: kijana amekwisha kupata digrii, mbona arudi tena kuomba? Swali hili halitokani na uchoyo. Huulizwa na watu waliouza ng'ombe na kuchanga shilingi zao ili mtoto wa mwenzao asome, nao walidhani ya kuwa kazi yao imekwisha. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza jinsi misaada ya masomo ya juu ilivyoanza, na kwa nini njia iliyomfikisha kijana kwenye shahada ya kwanza haimfikishi kwenye ya pili na ya tatu.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianza kutoa mikopo kwa Wakenya waliokwenda kusoma katika vyuo vikuu vya nje ya Afrika ya Mashariki. Nafasi zilikuwa haba, na wenye hamu ya elimu walikuwa wengi. Ndipo Tom Mboya, akisaidiwa na wenzake kama Dkt. Gikonyo Kiano, alipotafuta njia nyingine. Dkt. Kiano alikuwa Mkenya wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa, aliyoipata Berkeley, Marekani, mwaka 1956. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Vyuo vya Marekani vilitoa nafasi na misaada ya ada. Jamaa na majirani walichanga fedha za matumizi. Nauli ikatafutwa na marafiki wa huko, miongoni mwao Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa kazi hiyo. Kufikia 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamesafirishwa.

Lakini safari zile aghalabu zilikuwa za shahada ya kwanza. Watu walikwenda kwa wingi, wakaagwa na umma, na kila mzee alijua alichokitoa. Kwa shahada ya pili hakuna ndege ya pamoja. Kila mmoja hujitafutia mlango wake, mara nyingi akiwa mbali na kwao.

Tuchukue mfano wa Wangari Maathai. Alisafiri mwaka 1960, akasoma katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, akamaliza 1964. Shahada ya pili aliisoma katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na ada yake ikalipwa na Taasisi ya Afrika na Marekani. Aliporudi nyumbani mwaka 1966 alikuta kazi aliyoahidiwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Baadaye Profesa Reinhold Hofmann alimwajiri kuwa msaidizi wa utafiti katika chuo kikuu cha Nairobi, na kumhimiza aende Ujerumani kuendelea na masomo. Mwaka 1969 alirudi Nairobi kufundisha huku akiendelea na utafiti wake, na mwaka 1971 akapata udaktari, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuupata. Basi katika hatua tatu za masomo yake alishikwa mkono na watu mbalimbali, na kila hatua ilikuwa na mlango wake.

Milango hiyo ni mitatu. Wa kwanza ni skolashipu. Mwaka 1959 wajumbe wa Jumuiya ya Madola walikutana Oxford, wakapatana kuanzisha skolashipu ambazo mpaka leo huwapeleka wasomi kutafuta shahada za juu. Wa pili ni kazi ya chuo chenyewe: mwanafunzi hufundisha walio chini yake au humsaidia profesa katika utafiti, naye hulipwa posho au hupunguziwa ada. Wa tatu ni mkopo. Mwaka 1974 serikali yetu ilianzisha mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini wengi waliidhani kuwa ni zawadi, wala hapakuwa na sheria ya kuwadai. Kwa hiyo mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo huwakopesha pia wasomao shahada za juu. Mkopo huo hutaka wadhamini, na hurudishwa pamoja na riba.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana hana budi kuitafuta milango hii mwenyewe. Hata hivyo tumeona mara nyingi ya kuwa mtu hupewa nafasi kisha akaikosa kwa sababu ya jambo dogo: fedha za kuomba nafasi, hati ya kusafiria, nauli ya kufika chuoni, chakula cha mwezi wa kwanza kabla posho haijatoka, au mdhamini wa mkopo. Hapo ndipo chama chetu kinapoweza kufaa. Kulipa ada ya miaka miwili au mitatu kungeumaliza mfuko wetu kwa mtu mmoja, na wajane na wagonjwa wangekosa haki yao.

Kwa hiyo twaleta shauri hili mbele ya mkutano mkuu: itengwe sehemu ndogo ya mfuko, iwe mkopo usio na riba, apewe yule tu mwenye barua ya chuo ya kuthibitisha nafasi yake, naye aurudishe aanzapo kupata mshahara, ili anayemfuata apewe. Na wazee walio tayari kuwadhamini vijana waandikishe majina yao kwa katibu. Wenye kupinga shauri hili nao twawaomba waje waseme, maana fedha ni za wote.