Barabara ya Embu hadi Meru: Nchi Inayosomwa kwa Mito

Msafiri anayetoka Embu kwenda Meru huelekeza macho Mlima Kenya, na ana haki, maana kilele cha Batian kimesimama mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, majina ya mlima huo yanayojulikana zaidi duniani yametoka kwa wapita njia. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849, na jina alilolipata kwa Wakamba ndilo lililozaa jina la nchi yetu. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika kileleni, akavipa vilele majina ya malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai: Batian, Nelion, Lenana. Waembu walikuwa na Kirinyaa yao, Wameru na Kirimaara yao. Hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo mimi humshauri msafiri atazame chini, madarajani. Maji ya mlima yamechimba mabonde marefu yanayoteremkia mto Tana, na watu wakakaa juu ya migongo iliyo katikati. Njia za zamani zilifuata migongo hiyo, kutoka kwenye baridi ya msituni hadi nyanda kavu za Mbeere na Tharaka. Barabara ya leo inaikata migongo yote kwa ubavu, ndiyo maana ina kona nyingi hivyo, na kila bonde ulivukalo lilikuwa mpaka wa watu fulani. Ukivuka Thuci umewaacha Waembu, umeingia kwa Wachuka. Nithi inakupeleka Muthambi, Maara inakupeleka Mwimbi, na baada ya Mutonga uko Igoji, mlangoni mwa Imenti.

Nithi panastahili msafiri asimame kidogo. Malori yaliyosheheni ndizi hushuka kwa gia ndogo, harufu ya breki ikibaki hewani baada ya kupita. Hapa ndipo basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilipotumbukia Julai 2022, likaua watu zaidi ya 30. Lakini tusiache ajali ziwe historia pekee ya jina hili. Wilaya ya Tharaka-Nithi ilimegwa kutoka Meru mwaka 1992, kisha ikagawanywa, upande wa Nithi ukaitwa Meru Kusini, jina la dira tu lisilomtaja mtu wala maji. Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti, jina la Tharaka-Nithi likarudi, na mto ukarudishiwa nafasi yake.

Tena masimulizi ya Wameru yenyewe huanza kwa kuvuka maji. Wazee husimulia kwamba walitoroka utumwani Mbwaa, kisiwani pwani. Waliovuka usiku wakawa koo nyeusi, waliovuka alfajiri wakawa nyekundu, na waliovuka jua likiwa limechomoza wakawa nyeupe. Mpangilio huo wa Njiru, Ntune na Njeru bado unatajwa koo zinapohesabiwa.

Baada ya Nkubu na mto Thingithu unavuka ikweta, kisha unafika mji wa Meru, kwenye mto Kathita. Edward Horne alifungua boma la Waingereza hapa mwaka 1908. Wameru walimwona jinsi alivyozunguka huku na huko katika nchi yao, wakamwita Kangangi, yaani mzururaji mdogo, na jina likamganda.