Ufunguo Ulioachwa Wazi

Msomaji, mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mjini Paris, alifundisha kuwa si hasara adui akijua jinsi fumbo linavyofanywa, maadamu hana ufunguo wake. Fundisho hilo lingali lashikwa.

Makampuni mengi ya leo huweka kumbukumbu zao katika kompyuta za kukodi zilizo mbali, ziitwazo wingu. Ufunguo wa kuingilia humo ni safu ya herufi na tarakimu. Yapasa ufichwe mahali pake, apewe mwenye haja tu, na ubadilishwe mara kwa mara.

Mwaka 2016 wezi wawili, kwa maneno ya siri yaliyokwisha kuvuja kwingine, waliingia mahali mafundi wa Uber walipohifadhi maandishi ya programu zao. Humo wakaona ufunguo wa ghala la kampuni katika wingu la Amazon, umeandikwa waziwazi. Wezi wana lawama, lakini fundi aliyeuacha pale mimi simsamehe. Zilichukuliwa habari za watu milioni 57, abiria na madereva. Na za madereva wapatao 600,000 wa Marekani, hata namba za leseni.

Kampuni iliwalipa wezi dola 100,000 wanyamaze, nayo ikanyamaza. Madereva wakaendelea kuchukua abiria mwaka mzima, wasijue lolote, hadi Novemba 2017.