Mashua za Fife zipo, karakana haipo

Mwaka 2024 ilitimia miaka 80 tangu kufariki kwa William Fife wa tatu. Ukifika kijijini kwake Fairlie, pwani ya magharibi ya Uskoti, ukauliza karakana iko wapi, utaonyeshwa nyumba za makazi. Hapo ndipo babu, baba na mjukuu, wote wakiitwa William Fife, walipounda mashua za mbio kwa zaidi ya karne, na mjukuu akachonga joka la dhahabu omoni mwa mashua zake. Kumbukumbu inayoonekana kwa mbali ni umbo la mashua yao Latifa, ya 1936, linaloonyesha mwelekeo wa upepo juu ya kanisa.

Mjukuu ndiye aliyevuma. Thomas Lipton, huyu huyu wa majani ya chai, alimsanifisha Shamrock ya 1899 na ya 1903 ili alinyakue Kombe la Amerika. Zote zilishindwa.

Ubishi uko kwenye Pen Duick, iliyochorwa na Fife na kuundwa Ireland mwaka 1898. Mfaransa Éric Tabarly aliipata kwa baba yake ikiwa imeoza mbao. Fedha za kuiunda upya hakuwa nazo. Mwaka 1958 akaipindua, mkuku juu, akaitandika matabaka ya kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi ya poliesta. Ganda jipya lilipokauka, mbao za zamani zikaondolewa, milingoti na matanga vikarudishwa.

Wapenzi wa mbao husema hiyo si Fife tena. Mimi naona wanakosea: Fife aliuza umbo, na umbo ndilo Tabarly aliloliokoa, tena kwa mikono yake.

Juni 1998, mashua ikitimiza miaka 100, aliiongoza kwenda Uskoti kwenye mashindano ya mashua za Fife. Usiku, karibu na Wales, wakishughulikia tanga kuu, foromali ilimpiga akatumbukia baharini. Hakuwa amejifunga kamba ya usalama. Alikuwa na miaka 66.

Ukarabati wa Altair, mashua nyingine ya Fife, ya 1931, miaka ya 1980, uliamsha matajiri, na Fife zikawa lulu. Lakini fedha zao huishia Cannes na Saint-Tropez, si Fairlie. Hata karakana ya ukarabati iliyojiita Fairlie ilikuwa Hamble, kusini mwa Uingereza.